Shuka la Wanyama wa Bukini

Hansa alikuja kwangu Chaka, nje ya mji wa Nyeri, mwezi wa pili, siku ya soko, akiwa na fimbo ya kutembelea, koti la mvua ambalo halikuhitajika, na begi moja ambalo hakukubali mtu mwingine alibebe. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilikuwa nimejiandaa kulia, hata leso nilikuwa nimeiweka tayari mfukoni, lakini jambo la kwanza aliloniambia mlangoni, kwa Kiswahili kile kile cha Nyeri ya zamani, ni kwamba pindo la sketi yangu limeshonwa ovyo, ati siku hizi niko na fundi gani. Nikamjibu kwamba fundi ni mimi mwenyewe, ila macho ndiyo yamestaafu. Tukacheka mpaka ikabidi tutafute viti. Nikampikia chai, nikampa viazi vitamu, akala viwili, akajifuta vidole kimoja kimoja, ndipo akafungua begi na kutandaza juu ya meza yangu shuka lililotariziwa wanyama.

Nililitambua kabla hajamaliza kulikunjua. Fundi hasahau kazi yake, hata akisahau majina ya wajukuu. Nikavaa miwani na, niseme ukweli, sikuanza kwa kukumbuka. Nilianza kwa kukagua. Mishono ilikuwa imekaa. Rangi zilikuwa zimefifia kidogo tu. Lakini kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, uzi ulikuwa umelika hadi kitambaa kikaonekana, na hilo likaniudhi. Nikamuuliza Hansa kama huko Uingereza wanafulia kwa sabuni au kwa msasa. Alisema kwanza nimwambie yote tangu mwanzo, kwa sababu yeye mwaka ule liliposhonwa alikuwa msichana wa kusoma magazeti na kujitazama kwenye kioo, na mengi yalimpita.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Watu walikuwa wakitamka neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayevaa viatu vya dukani kwa mara ya kwanza. Shule zilikuwa zinafunguliwa kila kijiji na kila mtoto alitaka sare, kwa hivyo baraza la duka la baba yake Hansa, Mhindi wa kuuza vitambaa pale mjini Nyeri, lilikuwa na cherehani tatu zilizolia kutwa nzima. Moja ilikuwa ya Fundi Mwai, mtu wa maneno mengi aliyeweza kushona suruali na kumsema mpita njia kwa wakati mmoja. Mimi sikuwa na cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, chumba cha kupanga mtaani Skuta, na kazi ya kutia vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Tata, dada ya mama yangu aliyenilea, alikuwa amehamia Kangari kwenye chai, na alikuwa amesema wazi kwamba nikifika Krismasi bila kazi ya maana mikononi atakuja kunichukua nikachume naye. Nilikuwa nimejaribu chai mwezi mmoja. Nilichokumbuka ni umande unaoingia kwenye mikono ya sweta hadi kwapani, na mnyapara anayekohoa nyuma yako. Sikutaka kurudi kule hata kidogo.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha bibi yake Hansa, ambaye familia nzima ilimwita Ba, na sisi wa barazani pia tukamwita hivyo. Kilikuwa chumba chenye harufu ya mafuta ya nazi na bizari, kitanda cha juu, dirisha la kutazama mlima, na kwenye kona, chini ya kitambaa cheupe, cherehani ya mkono ambayo Ba alikuja nayo alipoolewa. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Mlima wenyewe hakuuona tena. Aliuliza tu kila asubuhi kama umejifunika au umejifunua. Siku moja ya mwezi wa kwanza aliupata mkononi mto niliotarizi nikisubiri wateja, akalipapasa lile ua na majani yake, akaniita. Hansa angekwenda Uingereza mwezi wa kumi na mbili kusomea uuguzi. Ba alitaka aende na shuka lenye wanyama wa kisiwa alikozaliwa yeye, Madagaska, kile ambacho kitabu chetu cha shule kilikiita Bukini. Yeye angesimulia, mimi ningeshona. Shuka likiisha kabla Hansa hajaondoka, na yeye mwenyewe akiridhika, cherehani ya kona ingekuwa yangu. Nilirudi barazani nikatia vifungo upande usiofaa kwenye mashati matatu.

Tulianza baada ya chakula cha mchana, kila siku, duka likipoa. Mimi nilikuja na githeri yangu ya mahindi na maharagwe kwenye mkebe, na Ba, ambaye hakula nyama maisha yake yote, aliipenda kuliko mpishi wa nyumba hiyo alivyotaka kujua. Alikamulia ndimu, akatia pilipili, akanirudishia nusu pamoja na chapati mbili nyembamba. Halafu alifunga macho, ambayo hata hivyo hayakumsaidia, na kuanza. Kisiwa kikubwa, alisema, kikubwa kupita Kenya kidogo, na hakina simba, hakina ndovu, hakina nyani hata mmoja. Nikasema basi hiyo ni nchi ya likizo. Akaniambia ningoje. Huko kulikuwa na komba wa kila namna, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kulikuwa na mdudu mwekundu mwenye shingo ndefu kuliko mwili. Kulikuwa na ndege aliyekwisha zamani, mkubwa kushinda mbuni, ambaye mayai yake bado yalifukuliwa mchangani. Nyumbani kwa baba yake kipande cha ganda moja kiliwekewa mchele. Fundi Mwai, aliyekuwa akisikiliza dirishani akijifanya anatafuta mkasi, alisema huyo mama ama ni mwongo ama ametembea sana, na vyovyote vile ni mtu wa kuheshimiwa.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya mkia. Ba alinieleza komba mkubwa kabisa, wa ukubwa wa mtoto wa miaka minne, mweusi na mweupe, manyoya mengi, anayeishi juu mitini upande wa mashariki ambako baba yake alinunua vanila, na kila asubuhi jamaa nzima huimba hadi sauti ifike bonde la pili. Hana mkia, alisema. Mimi nilimjua mnyama mweusi na mweupe wa juu mitini. Ni mbega, yuko kwenye misitu yetu ya mlimani, na uzuri wake wote uko kwenye mkia; wazee wetu walivaa ngozi yake kwa ngoma kwa sababu ya huo mkia. Nikaona Ba amezeeka na amesahau. Nikamshonea mkia mzuri mweupe, wenye kishungi, kazi ya siku nne. Ba alipoupapasa aliufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kisha akaulizia mkasi. “Mimi nasema hapana mkia,” aliniambia. “Wewe nashona mbega ya Nyeri.” Nilifumua siku mbili, nikinung'unika kwa Kikuyu, naye akinicheka kwa Kigujarati.

Baada ya hapo nilijifunza kuuliza. Nilimuuliza komba mweupe anayeruka anatembeaje akishuka chini, na Ba, ndani ya sari yake nyeupe ya ujane, aliinuka kitandani, akainua mikono juu na kuruka kwa ubavu chumba kizima, hop, hop, hadi akagonga meza. Hansa aliingia akadhani bibi yake amepatwa na jambo. Tulimketisha, na alipopata pumzi alitaka kujua kama mimi nimeona vizuri au arudie. Kulikuwa na kijinyama chenye miiba kama kalunguyeye ambacho huzaa watoto wengi mno kwa mara moja. Nilishona kumi na wawili nikadhani nimekuwa mkarimu. Ba akasema bado. Nilipofika ishirini nilimwambia kwamba wengine wamejificha chini ya mama yao, na hiyo akaikubali.

Nikitarizi nilisikia kila kitu. Upande wa barazani wanawake waliongelea nani amepata shamba na binti ya nani sasa ni mwalimu. Upande wa ndani baba na mama yake Hansa waliongelea karatasi za uraia: wachukue za Kenya au wabaki na za Mwingereza, wakae au waende. Walisema kwa sauti ya chini, na walipofika pagumu walihamia Kigujarati. Ba alisikia pia. Siku hizo alisimulia haraka zaidi, na mara nyingine aliniuliza jambo ambalo nilidhani analijua, kwa mfano mti ulio nje ya dirisha una majani gani. Sasa nadhani alikuwa anajifunza Nyeri kwa moyo, endapo itabidi aiache. Wakati ule nilidhani ananijaribu.

Mwezi wa nane tulifika kwa komba mwenye kidole. Huyu ana masikio ya popo, meno ya panya, na kidole cha kati chembamba kama waya, ambacho hugongea mti akisikiliza funza ndani, kisha humtoa nacho. Mnyama wa kujitafutia riziki bila kumsumbua mtu. Lakini watu wengi wa huko, Ba alisema, wanaamini kwamba akikunyoshea kile kidole utakufa, kwa hivyo humuua wakimwona, na humtundika kwenye mti njiani msiba wake uende na wapita njia. Ba alikuwa amemwona mmoja ametundikwa hivyo akiwa msichana, na bado ilimuuma. Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Watu wazima wanaogopa kidole! Ba aliningoja nimalize. Halafu akasema kilichobaki ni mnyama mmoja tu, wa kona ya chini, na ndiye muhimu, maana kisiwa kile kimejaa yeye, wakubwa kama paka na wadogo wa kukaa kwenye ukucha. Kinyonga.

Kicheko kikaniisha. Mtu asiyekulia kwetu hawezi kujua kinyonga ni nini. Sisi tulifunzwa kwamba Mungu alimtuma aje kutuambia hatutakufa, akatembea polepole na kusema kwa kigugumizi hadi ndege akamtangulia na habari nyingine, na tangu hapo tunakufa. Ukimwona kwenye ua wa boma unajitemea mate kifuani na kupita mbali. Hashikwi, hachezewi, na kwa hakika hashonwi kwenye shuka ambalo mtu atalala chini yake. Nilimwambia Ba nitamshonea mwingine yeyote, hata yule ndege wa mayai makubwa, lakini huyo hapana. “Wewe nacheka watu ya Madagaska,” alisema Ba. “Sasa wewe naogopa nini?” Nikakasirika. Nilichukua mkebe wangu nikatoka.

Nilichofanya baadaye bado kinanitia aibu, na nilimwambia Hansa hivyo hivyo mezani. Nilishona mjusi. Nilimpa rangi ya kijani, nikamweka juu ya tawi, nikampelekea Ba na kumwambia ndiye kinyonga. Nilijua haoni. Aliketi akampapasa. Vidole vyake vilikwenda kwenye mkia, ambao nilikuwa nimeunyosha, kisha kwenye miguu, ambako nilikuwa nimeshona vidole vitano vilivyotawanyika. Akarudia tena, kama mtu anayetumaini amekosea. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, “Macho yangu nakwisha, Nyawira. Sasa wewe nashona mimi uongo?” Ningependa kama angenipiga. Nilifumua mjusi palepale mbele yake, nikilia, na nilipomaliza nilimwambia ukweli: kwamba sijui kinyonga anafananaje. Miaka kumi na tisa nimeishi naye kwenye kila ua, na sijawahi kumtazama hata kwa dakika moja.

Hansa ndiye aliyemleta kinyonga halisi, kutoka kwenye ua wa miiba ya kayaba nyuma ya duka, juu ya tawi, akilishika mbali na mwili wake kwa madaha. Tukaweka lile tawi kwenye chungu dirishani kwa Ba. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni. Siku ya pili nilisogeza kiti. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimejua kwamba jicho lake moja linaweza kunitazama mimi na lingine likamtazama Fundi Mwai, na kwamba miguu yake imegawanyika, vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, kama glavu za kufumwa za mtoto mchanga. Mkia wake ulijizungusha kama tepu ya kupimia. Usoni alikuwa na pembe tatu, ndefu, zikielekea mbele. Nilimshona pembe baada ya pembe, mistari ya mbavu, duara la jicho. Nilimshona nikimwogopa, lakini nilimshona alivyo.

Siku ya soko, wiki mbili kabla Hansa hajaondoka, mtu aliacha mlango wa chumba wazi. Kinyonga alitumia asubuhi nzima kupita dukani, na saa sita mchana alikuwa barazani, juu ya rundo la sare za shule, akitikisika mbele na nyuma. Mwanamke mmoja alipiga kelele, na baraza lote likamwagika barabarani. Fundi Mwai, yule wa maneno mengi, alikuwa tayari amesimama juu ya kiti, na mkononi ameshika pasi ya makaa, moto, akilenga. Na katika watu waliokuwa wakipanda ngazi wakati huo huo, na kikapu mkononi na kitambaa kipya kichwani, alikuwa Tata, amekuja kutoka Kangari kunichukua kabla hata ya Krismasi.

Sikufikiri jambo lolote kubwa. Niliona tu pasi, na niliona ile miguu niliyoitazama wiki tatu nzima. Nikaupeleka mkono wangu. Alikuwa baridi, mwepesi kuliko nilivyodhani, na alinishika kidole kwa nguvu ile ile ambayo mtoto wa siku mbili hukushika nayo. Tata alijitemea mate kifuani, mara mbili kwa usalama, akarudi ngazi mbili chini na kuniambia, “Nyawira, hiyo mkono yako haitagusa chakula yangu. Na hakuna mtu atakukubali kwa chai yake na mkono kama hiyo. Wewe baki tu hapa.” Akageuka akarudi stendi. Nilibaki nimesimama na kinyonga wangu, nimefukuzwa rasmi kutoka mahali ambapo sikutaka kwenda, na furaha niliyoisikia sitaisahau. Tata alinisamehe baada ya miaka miwili, aliposikia nina cherehani na akahitaji rinda la harusi.

Cherehani niliipata siku tatu baadaye. Ba alilipapasa shuka lote, kuanzia juu, akiwataja wanyama kwa majina ya huko kwao. Kwa komba mwimbaji alihakikisha mahali pa mkia ni patupu. Alipofika kwa kinyonga alihesabu vidole, viwili na vitatu, akauzungusha mkia, akaligusa jicho. Kisha vidole vyake vikafika kwenye pembe vikasimama. Vilikaa hapo muda mrefu. Akauliza hizi ni nini, nami nikamwambia kwa majivuno kwamba ni pembe, ziko tatu, sikuacha hata moja. Ba akatabasamu, akasema sawa, imekwisha, na akanielekeza kona ya chumba. Miaka yote hii niliamini alitabasamu kwa sababu nilimshona vizuri.

Hansa alinisikiliza hadi mwisho, chai ikimpoa. Kisha akaniambia kwamba alipostaafu uuguzi alipanda ndege hadi Madagaska, na shuka hili kwenye begi. Komba mwimbaji alimsikia kwa masikio yake, asubuhi, hadi akalia. Nikamuuliza habari ya mkia. “Hana,” alisema. “Nilimwangalia nyuma kwa sababu yako.” Mzee mmoja aliyemtembeza msituni alilipitia shuka mnyama kwa mnyama, akiwataja wote kama Ba alivyowataja, mpaka akafika kona ya chini. Hapo akacheka. Vinyonga tunao wengi, alisema, lakini mwenye pembe tatu namna hii hatuna hata mmoja. Huyu si wa kwetu.

Nikavua miwani. Miaka hamsini na kitu nilikuwa nimejisifu kwa kazi hii, na kumbe nilimshona mnyama wa ua wa kayaba wa Nyeri na kumpeleka Bukini. Nilisema maskini Ba, amekufa bila kujua. Hansa akatikisa kichwa. Ba alijua, alisema, tangu kidole chake kilipogusa pembe ya kwanza. Asubuhi ya kuondoka, mimi nikiwa barazani napiga shuka pasi kwa mara ya mwisho, Ba alimkalisha kitandani akamwambia mambo ambayo bibi humwambia msichana anayekwenda mbali, na mwishoni akamwambia hivi: wale wengine wote ni wa nyumbani kwangu. Huyu wa kona ni wa nyumbani kwako. Ukishikwa na upweke, mshike pembe.

Nililivuta shuka karibu na dirisha. Komba walikuwa kama nilivyowaacha, na wale watoto ishirini wa kalunguyeye, na mdudu wa shingo ndefu. Ni pembe tatu tu zilizokuwa zimelika hadi kitambaa, na mbele yake kidogo, mahali ambapo kidole gumba hukaa. Hansa alikuwa ametazama pembeni, kuelekea mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunua. Nilitafuta uzi wa kijani kwenye kopo langu, nikampa yeye sindano anitungie.